Unga Umo Kiganjani

Dodoma, 12 Juni 1910

Kwa dada yangu Batuli binti Mbwana, aliyebaki Kondoa kuulinda mlango wa baba.

Shikamoo, dada. Mimi nduguyo Hasani ni mzima wa miguu, si mzima wa kifua. Nisalimie mama, mwambie kofia aliyonishonea ndiyo ninayovaa kila Ijumaa. Msalimie na mumeo, shemeji Ijengo, na ng'ombe wake wote, maana ukiwaruka ng'ombe najua atanuna.

Huku upepo haujui kuchoka. Vumbi linaingia kwenye uji, kwenye wino, kwenye masikio. Gari moshi la Wadachi limefika Dodoma, nami karani wao nahamishwa nalo kila reli inaposogea. Mzee Matonya, Mgogo anayeniletea maziwa, aliniuliza kama chuma kile kinakula nyasi. Nikamwambia hapana, kinakula watu. Hakucheka, maana mwanawe yuko kwenye kazi ya kupasua mawe.

Ama baada ya hayo, dada, neno langu ni hili: naogopa. Nakohoa tangu mvua zilipokatika. Namkumbuka baba, alivyounakili msahafu kwa mkono wake mwaka baada ya mwaka, akafa amefika Yasini. Nusu ile bado iko sandukuni kwa mama na haisomwi na mtu. Mimi sitaki kuwa nusu. Nimeanza utenzi, Batuli, mrefu, wa mtu anayebishana na mauti. Watu wa pwani wanatuita washenzi wa bara, hawaamini kama kalamu ilivuka Morogoro. Nikiumaliza wataamini. Nikifa kabla, nitakuwa karani aliyehesabu mataruma ya reli, basi. Usikilize ubeti huu:

Nakuomba we mauti
unipishe japo beti
wino u tele na hati
neno halijatimia.

Nitakutumia kila ninachotunga. Mchwa wa kambini hawana adabu, kwako karatasi itasalimika.

Ni mimi nduguyo, Hasani bin Mbwana.


Kondoa, mwezi wa Rajabu, mwaka sijui wa ngapi wa Wadachi wako

Marahaba, Hasani. Mama hajambo, anasema kofia ifuliwe. Ijengo hajambo, ng'ombe hawajambo, ila ndama mmoja wa madoa kauzwa Chemba na bei yake haisemeki mbele ya watu. Mtama umekaa vizuri. Mwanne, mkunga wetu, anakusalimu, amekuja kunikanda mgongo. Usiulize kwa nini.

Umesema unakufa. Ulikufa pia ulipoumwa na nyuki, na ukafa tena baba alipokunyima ruhusa ya kwenda Tabora. Pole kwa kikohozi. Chemsha tangawizi, uache tumbaku.

Utenzi nimeusoma. Wanawake wenzangu wakija kusuka mikeka nawasomea, wanatikisa kichwa. Ubeti wako mzuri, lakini ndugu yangu, unamwomba mauti akungoje kwa sababu una wino? Mauti anaujulia wapi wino? Mwambie kitu anachokikuta kila nyumba anayoingia. Usikasirike. Ubao tulioandikia kwa baba ulikuwa mmoja, wewe ukinisukuma kwa kiwiko ili ukae upande wa mlango penye mwanga. Nilijifunza hivyo hivyo, gizani.

Na usisahau neno lake baba: utenzi ukiachwa wazi, bila tamati yenye jina la mtunzi, humwita mwenyewe kaburini. Funga, hata kwa beti tatu, kisha uongeze katikati utakavyo.

Dada yako, Batuli.


Zuzu, 9 Septemba 1910

Kwa dada yangu mpenzi.

Shikamoo. Wasalimu wote nyumbani, mmoja mmoja, kwa majina yao.

Tumehamia Zuzu, magharibi ya Dodoma. Kambi imeingiwa na ndui. Askari wamesimama pembeni na mgeni hasogei. Mimi ndui sina, lakini jana nimekohoa na leso ikatoka na damu. Ndiyo hivyo, dada. Sasa hutasema nyuki.

Nakuletea beti zote nilizotunga hadi leo, kwa mkono wa tarishi. Zihifadhi. Ukinisikia nimekufa usilie kwanza, shika karatasi kwanza.

Kufunga sifungi. Tamati ni ya mtu aliyemaliza, nami sijamaliza. Nikiandika jina langu chini ya kazi nusu nitakuwa nimekubali. Mauti akinitaka anikute nabishana. Kuhusu wino, mimi ni mtunzi, nitaomba kwa nilicho nacho. Ubeti unatakiwa kuwa na hadhi yake.

Hukuniambia mgongo una nini. Umesema nisiulize, basi siulizi.

Nduguyo mgonjwa, Hasani.


Dodoma, 20 Desemba 1910

Dada Batuli, shikamoo.

Mvua zimeanza, Wagogo wanalima, nami nimerudishwa Dodoma kwa machela na kupewa kitanda karibu na stoo. Tangu nikutumie beti zangu sijapata hata mstari. Wasafiri wa Kondoa napishana nao sokoni, hakuna aliyebeba barua yangu. Mmoja alinitazama, akaondoka mbio kama mwenye deni.

Mmenisahau nikiwa hai. Nikifa itakuwaje?

Hasani.


Kondoa, Mfungo Nne

Hasani, ndugu yangu, marahaba, na marahaba tena.

Barua yako imefika jana. Kabla sijaendelea, kaa chini. Wewe ni marehemu tangu Mfungo Mosi, baada ya Idi.

Ijengo alipeleka ng'ombe Zuzu kuwauza kambini. Askari wakamzuia mbali kwa sababu ya ndui. Akaona machela inatoka, mtu amefunikwa shuka nyeupe kuanzia utosini mpaka kidoleni. Akauliza kwa sauti, ni nani huyo? Akajibiwa, karani Hasani wa Kondoa. Akataka kuifuata, bunduki ikamwelekea. Basi akavua viatu palepale, akakusomea Fatiha, akarudi na ng'ombe wake bila kuuza hata mmoja. Amefika hapa hana sauti. Sasa niambie, wewe mtoto wa watu, nani alikufundisha kulala kwenye machela umejifunika uso?

Mama alipoisikia sahihi yako jana alianguka. Ameamka, amekula, anakutukana, kwa hiyo ni mzima. Mbuzi wako wawili wameliwa kwenye hitma, yule mweupe pia. Kufa kufaana.

Kuna jambo jingine, na hili nisome taratibu. Utenzi wako ulikuwa wazi. Niliona umekufa kwa sababu hiyo, umeitwa, na sikutaka ulale huko na kiu yako. Siku zote za matanga nilikaa ndani na karatasi zako, nikaendelea pale ulipokomea, nikaufunga. Siku ya arobaini niliwasomea wanawake chumbani. Wanaume walikuwa nje barazani, wakanyamaza mmoja mmoja mpaka nikasikia sauti yangu peke yake. Mwalimu wa chuo cha Kurani akaomba nakala. Sasa umenakiliwa mara nyingi. Wasafiri wameuchukua Tabora, na Mwarabu mmoja ameupeleka Bagamoyo. Watu wa pwani wanakusoma, Hasani. Ulichokitaka kimekuwa.

Kuna ubeti mmoja wanaourudia sana. Watwangaji wanauimba, wachunga ng'ombe wanauimba:

Chungu kipo mafigani
unga umo kiganjani
na mgeni mlangoni
haketi akatulia.

Na mwisho niliweka hivi, kama desturi inavyotaka:

Tamati hapa natua
beti zangu zimekua
jina mkitaka jua
Hasani ametungia.

Jina langu sikuliweka. Msibani nani angeuliza?

Mimi sijambo, nimekuwa mzito tu. Mambo mengine ni ya kike, hayaingii kwenye barua. Rudi nyumbani, mama akushike kwa mikono.

Batuli.


Dodoma, 17 Februari 1911

Batuli,

Mmenizika vizuri. Nimeona kaburi langu na wapita njia wanalisifu.

Jumatatu, sokoni hapa Dodoma, nilimkuta mpagazi kutoka Kondoa anaimba, mzigo kichwani: chungu kipo mafigani. Nikamuuliza ya nani hiyo. Akasema, ya marehemu Hasani, bingwa, Mungu amrehemu. Nikamwambia Hasani ndiye mimi. Alicheka mpaka akautua mzigo. Akaniambia, "Mzee, marehemu hakohoi." Wenzake wakacheka pia, na mimi nikalipa pombe yangu nikaenda zangu.

Unajua nilichoogopa tangu mwanzo? Kufa kabla neno halijatimia. Sasa sikufa, na neno limetimia bila mimi. Hii ni mbaya zaidi. Mtu aliyekufa kabla ya kumaliza watu humwonea huruma. Mimi nitaenda wapi? Nikileta beti zangu za mwisho, nilizozitunga nikitapika damu, wataniambia utenzi ulishafungwa. Umenifungia mlango nikiwa nje.

Na kwa nini chungu? Kwa nini unga? Mtu mzima anabishana na mauti, wewe unamsongea ugali katikati! Beti zangu juu ya wino hakuna anayeziimba. Nimeuliza. Hakuna.

Nenda kwa mwalimu wa chuo, mwambie nakala zirudishwe, sehemu yako ikatwe. Nitamaliza mwenyewe.

Hasani bin Mbwana, aliye hai.


Kondoa, Mfungo Sita

Ndugu yangu Hasani.

Barua yako haikuwa na shikamoo. Marahaba nimeiitikia hivyo hivyo, isije ikapotea njiani. Baba alituambia salamu ni sunna na kuijibu ni faradhi, mimi najibu hata ile isiyotumwa.

Mama hajambo. Maulidi yalisomwa, pilau ilikuwa na mawe. Mtama umechanua mpaka ukingoni mwa korongo. Ijengo haniachi niteke maji, anateka mwenyewe na vijana wanamcheka, naye hajali.

Nakala haziwezi kurudi. Utamfuata kila mpagazi umfunge mdomo? Maji yakimwagika hayazoleki. Hasira yako naielewa, na ungekuja ukanigombeza uso kwa uso ningefurahi kukuona. Lakini kuna neno moja umelikosea, nami nimechoka kulinyamazia.

Ubeti wa chungu sikuutunga kwenye matanga yako. Niliutunga kabla hujafa. Sikuwa nakulilia wewe.

Unajua nina watoto wawili udongoni. Hujui kwamba nilipomzaa wa pili damu haikukata na mgongo ukabaki mbovu mpaka leo, na Mwanne aliniambia, binti Mbwana, usirudi tena huku, safari nyingine sitakuweza. Nilirudi, Hasani. Nilijua mwezi wa Ramadhani, nimesimama jikoni natia unga kwenye maji, tumbo likanigeuka, nikajua. Unga ulikuwa kiganjani kweli. Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu wangu akija, mwenyeji haponi. Nilikaa chini ubeti ukaja mzima, sikuugusa hata neno. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Mama analia upesi, Ijengo angeacha biashara, na wewe ulikuwa unakufa, kwenye nyumba yetu zamu ya kufa ilikuwa yako.

Nami nilikuwa na vya kumaliza. Unadhani ni wewe tu? Nina utenzi wangu kichwani tangu nilipovunja ungo, wa wanawake wa Kondoa, wanaosuka, wanaozika, wanaongoja waume waliochukuliwa na reli yenu. Sikupata kuuandika. Mchana kazi, jioni kazi, na karatasi iliyokuwapo ilikuwa ya beti zako. Zote nzuri nilizokuwa nimezihifadhi kwa ajili ya wangu nilizitia kwenye wako, ili wewe upumzike. Nikaona nimemaliza angalau kwa jina la ndugu yangu.

Sasa uko hai, alhamdulillahi, kwa hiyo nakuomba kitu. Sikuombi kwa mwalimu wala kwa wapagazi. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako, andika nakala moja, na kwenye tamati uandike Batuli ametungia. Linakaa vilevile, nimelipima, halivunji mizani. Nakala moja tu, uniletee kabla ya Mfungo Nane, mgeni hajafika. Nataka niione kwa macho yangu.

Usimwambie mama.

Dada yako, Batuli binti Mbwana.


Dodoma, 23 Aprili 1911

Kwa dada yangu.

Salamu nyingi sana kwako na kwa wote. Nina habari njema, waambie nyumbani wapige vigelegele. Daktari wa Kidachi amenifungua mdomo, akanigonga mgongo, akanichungulia kooni kwa kioo. Damu ile ni ya fizi! Jino moja limeoza, ameling'oa. Kikohozi ni vumbi na tumbaku. Akasema kupitia kwa mkalimani, "Wewe utazika wengi." Nimecheka njia nzima. Mzee Matonya amenipa kibuyu cha maziwa ya bure.

Kwa hiyo sina haraka tena, na wewe usiwe nayo. Habari za mgongo na tumbo ni hofu za wanawake kabla ya kujifungua. Kunywa uji, lala. Mwanne ni mzee na wazee hutisha.

Kuhusu tamati nimefikiri sana. Nakupenda, lakini fikiri na wewe. Jina la mwanamke mwishoni mwa utenzi uliokwisha kufika Bagamoyo, watu si watacheka? Watasema hata kile kimoja tulichokuwa nacho bara kilitungwa jikoni. Na ukweli ni kwamba mwanzo ni wangu. Ngoja nipange upya, beti zako nizitengeneze kidogo, nije mwenyewe baada ya mavuno, tukae chini tuone. Utakuwa na mtoto mgongoni na utanisomea huo wako wa wanawake, nami nitakuandikia. Muda upo.

Nduguyo mzima, Hasani.


Kondoa, 29 Juni 1911

Batuli,

Barua yako ya Mfungo Sita sikuijibu vizuri, najibu sasa. Uliniambia kujibu ni faradhi.

Nimefika siku kumi baada ya wewe kuzikwa. Ijengo alikuja Dodoma kunichukua, na safari hii alimwona maiti wake vizuri kabla ya kuondoka, hakukosea. Barua yangu ya jino alikuwa nayo mfukoni. Ilifika siku uliyoshikwa na uchungu, akakusomea kipande ukiwa umeshika kamba ya kujifungulia. Nikamuuliza ulisema nini. Akasema ulitabasamu uliposikia nimepona, kisha ukauliza, "Nakala hakuleta?" Akakwambia hakuna nakala. Ukamwambia haidhuru.

Mtoto yupo. Wa kike, ana mdomo wako wa kubishana. Ananyonyeshwa na jirani.

Nimeandika nakala, Batuli. Nimeandika yote, kuanzia beti zangu za wino, ambazo sasa nikizisoma naona aibu, mpaka zako, sikugusa hata nukta. Mwisho nimeweka Batuli ametungia. Limekaa. Halivunji mizani, ulipima sawa.

Leo arobaini yako, nilisimama barazani mbele ya wanaume wote, nikasoma kwa sauti. Ulipofika ubeti wa chungu waliitikia pamoja nami, wanaujua wote kwa moyo. Nilipofika tamati nikataja jina lako, wakatazamana. Nikarudia. Mtu mmoja akaanza kulia, akasema, jamani msiba umemlemea. Nikawaambia ni kweli, ni wake, nina barua yake. Mwalimu wa chuo akanishika mkono, akanikalisha kwa upole. "Hasani," akasema, "tunajua ulivyompenda. Lakini marehemu usimtwike mzigo usio wake." Wakaiombea dua roho yako, kisha wakaniombea mimi umri mrefu, nitunge zaidi.

Sitatunga zaidi. Nimejaribu wiki nzima. Wa wanawake wa Kondoa umeondoka nao, na mimi nina afya njema kama daktari alivyosema.

Jioni hii nimeingia ndani kwa mama. Alikuwa amempakata mtoto, anambembeleza. Unajua alichokuwa akimwimbia. Chungu kipo mafigani, unga umo kiganjani. Akamwambia, "Lala, mwanangu, hii kaitunga mjomba wako." Nikapiga magoti, nikamwambia, mama, si mimi, kaitunga mama yake, kaitunga Batuli. Mama akanitazama kwa huruma, akaniwekea kidole mdomoni.

"Nyamaza, baba," akasema. "Mtoto amelala."

Nikanyamaza. Barua hii naiweka sandukuni, pamoja na msahafu wa baba. Nimeona kwamba huku mwanzo nimesahau salamu tena, basi naiweka hapa chini.

Shikamoo, dada.

Hasani.